Achia, Shika, Bana: Msamiati wa Usukani wa Pikipiki na Ufunzaji wa Dereva Mwanagenzi katika Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanafafanua vidhibiti vya pikipiki, hasa vile vilivyo kwenye usukani, pamoja na msamiati wa Kiswahili unaotumika kumfundisha dereva mwanagenzi. Yanaonyesha kwamba baadhi ya majina na vitenzi vinavyotumika zaidi, kama vile breki ya mkono, kuachia, kufunga na kushusha gia, huficha tofauti ambazo mwanagenzi analazimika kuzijua ili asianguke. Hoja kuu ni kuwa utata huo una madhara ya kimwili, na kwamba sehemu ya ufumbuzi wake tayari imo katika usemi wa madereva wenyewe.

1.0 Utangulizi

Tafiti za istilahi za Kiswahili zimejielekeza zaidi katika nyanja zenye wasomi wa kuzitetea: sheria, tiba, isimu, teknolojia ya habari. Ufundi wa barabarani umeachwa ujitafutie maneno, nao umejitafutia. Neno bodaboda ni ushahidi mzuri. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba neno hilo lilitokana na wasafirishaji wa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, eneo la Busia na Malaba, waliowavusha abiria kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka liliradidiwa kwa utaratibu ambao Kiswahili kilikuwa nao tayari katika pikipiki na tukutuku, majina yaliyoiga mlio wa injini. Baiskeli ilipoiachia pikipiki nafasi yake, jina halikubadilika.

Kisarufi neno hili lina tabia inayostahili kutajwa kabla ya kuendelea. Bodaboda hurejelea chombo na pia mtu anayekiendesha, na upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana hizo mbili:

(1) a. Bodaboda imeharibika.
    b. Bodaboda amechelewa.
    c. Bodaboda wamekusanyika kijiweni.

Nchini Tanzania wanasiasa na watendaji wa serikali wamezoea kuwaita madereva hao maafisa usafirishaji. Jina hilo lina heshima, na bila shaka lina hesabu ya kura ndani yake, ila halimsaidii mtu anayeshika usukani kwa mara ya kwanza. Mtu huyo ndiye anayeshughulikiwa hapa. Kwa kawaida ni kijana ambaye hakupita chuo chochote cha udereva. Amefundishwa na rafiki au ndugu, jioni, katika uwanja wa mpira, kwa pikipiki ya mtu mwingine. Kila anachokijua kuhusu klachi na breki amekipokea kwa maneno machache yaliyosemwa kwa sauti ya juu. Ubora wa maneno hayo ni sehemu ya usalama wake na wa abiria wake.

2.0 Mpangilio wa vidhibiti

Pikipiki ya gia inayotumiwa na bodaboda walio wengi ina vidhibiti vikuu vitano, na mpangilio wake haubadiliki kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kwenye usukani, upande wa kushoto, kuna wenzo wa klachi. Upande wa kulia kuna wenzo wa breki ya gurudumu la mbele, na mshikio wenyewe wa upande huo huzungushwa ili kuongeza au kupunguza mafuta. Chini, mguu wa kushoto hubadili gia na mguu wa kulia hukanyaga breki ya gurudumu la nyuma. Vitu vidogo huzunguka mishikio: honi, swichi ya taa, indiketa, stata. Pikipiki nyingi bado zina kiki, chuma kinachokanyagwa kwa nguvu ili kuwasha injini. Neno hilo kwa sasa lina umaarufu mwingine katika misimu ya mijini ya Tanzania, ambako kutafuta kiki ni kujitangaza kwa vituko.

Wenzo ni neno la vitabuni. Kijiweni husikika zaidi mkono: mkono wa klachi, mkono wa breki. Kwa hiyo neno moja hubeba kiungo cha mwili, sehemu ya chombo na upande wa barabara, kama katika "shika mkono wako wa kushoto". Muktadha kwa kawaida hutosha kuondoa utata huo, lakini muktadha huhitaji muda, na pikipiki inayochomoka haimpi mtu muda.

Mpangilio huu una ulinganifu ambao mwanagenzi anapaswa kuuona mapema. Mkono wa kulia unaongoza mwendo, kwa kuwa ndio unaoongeza mafuta na ndio unaoshika breki yenye nguvu zaidi. Mkono wa kushoto unaunganisha na kutenganisha injini na gurudumu. Katika Kiswahili mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, na katika baadhi ya lahaja za pwani huitwa wa kuume, ukikabiliana na wa kike. Hakuna anayefikiria chakula anapokata mafuta, lakini desturi inayoupa mkono huo kazi nzito inalingana na kazi ulizopewa kwenye pikipiki, na walimu wengine huutumia ulinganifu huo kusaidia kumbukumbu.

Si kila chombo cha magurudumu mawili kinafuata mpangilio huu. Katika skuta za kisasa zisizo na gia, wenzo wa kushoto ni breki ya nyuma. Vespa za zamani, ambazo Zanzibar bado zinaonekana, hubadili gia kwa kuzungusha mshikio wa kushoto. Baiskeli yenye breki mbili ina nyenzo mbili kwenye usukani, zote za breki. Mtoto aliyekua akiendesha baiskeli amejifunza kwamba kubana kwa mkono wowote ni kupunguza mwendo. Akipanda pikipiki na kushtuka kwenye mteremko, mkono wake wa kushoto hubana kwa mazoea. Injini hutengana na gurudumu, na pikipiki, badala ya kuzuiwa na injini, hushuka huru.

3.0 Usukani: kutoka chomboni hadi barabarani

Usukani ni neno la baharini. Asili yake ni Kiarabu, na kwa karne nyingi lilikuwa jina la ubao unaotumbukizwa majini nyuma ya chombo ili kukielekeza. Gari lilipokuja, neno likahamia kwenye duara linaloshikwa na dereva, kisha likaenda kwenye chuma cha baiskeli na cha pikipiki. Upanuzi wa aina hii ni wa kawaida: umbo limebadilika kabisa, dhima imebaki ileile. Ndiyo maana neno halijashindwa na mshindani wake wa mkopo, stelingi, ambalo nchini Tanzania limelemewa na maana nyingine, ya mhusika mkuu wa filamu asiyekufa hadi mwisho.

Uhusiano wa pikipiki na chombo cha baharini una jambo la ziada. Nahodha anayeshika kana akiisukuma kulia, chombo huenda kushoto. Dereva wa gari hana habari na kinyume hicho, kwa kuwa gari huelekea kule usukani unakozungushwa. Pikipiki ina tabia mbili. Katika mwendo wa polepole, kama mtu anavyogeuza uwanjani, hufuata usukani kama gari. Katika mwendo wa kasi, dereva anayetaka kuelekea kulia husukuma mshikio wa kulia mbele kidogo. Gurudumu hugeuka kushoto kwa kiasi kisichoonekana, chombo kizima hulala kulia, na huko ndiko kinakoelekea. Madereva wazoefu hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya.

Kiswahili cha barabarani hakina jina la kitendo hicho, ila kina jina la matokeo yake: kulala na kona. Usemi huu ni sahihi kuliko kukata kona, ambao umetoka kwenye gari na unamfanya mwanagenzi afikiri juu ya kuugeuza usukani kwa mikono. Anayekata kona kwa kasi hubaki wima na hutupwa nje ya barabara. Anayelala nayo hupita. Mwalimu anayesema "lala nayo, usiikate" amefundisha fizikia ya kutosha kwa siku hiyo, ingawa sifa ambayo kulala na kona imepata kama kielelezo cha ujasiri inalitia neno hilo doa ambalo halikustahili.

4.0 Breki ya mkono na breki ya mguu

Hapa ndipo msamiati unapodhuru zaidi. Breki za pikipiki zinaweza kuitwa kwa njia mbili: kwa gurudumu linalozuiwa (breki ya mbele, breki ya nyuma) au kwa kiungo kinachozitumia (breki ya mkono, breki ya mguu). Jozi zote mbili zinasikika. Jozi ya pili ina mvuto kwa mwanagenzi kwa sababu inamwambia atumie nini, ilhali ya kwanza inamwambia tu kinachotokea mbali na mikono yake.

Tatizo ni kwamba breki ya mkono ilikuwa na mwenyewe. Katika gari, breki ya mkono, au hendibreki, ni ile inayovutwa wakati gari limesimama ili lisiserereke. Ni breki ya kuegesha. Breki yenyewe, ile ya kusimamisha gari barabarani, ni ya mguu. Mtu aliyekulia katika jamii ambayo gari ndilo kiolezo cha vyombo vyote vya moto hulibeba pambanuo hilo hadi kwenye pikipiki: ya mguu ni kuu, ya mkono ni ya ziada.

Ukweli wa pikipiki ni kinyume chake. Chombo kinapopunguza mwendo, uzito wake na wa waliopanda huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani na kupata mshiko zaidi, huku la nyuma likiwa jepesi. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Anayetegemea ya nyuma peke yake huhitaji umbali mrefu zaidi, na akiikanyaga kwa hofu, gurudumu hufunga, hupoteza mshiko na sehemu ya nyuma huanza kuteleza kando.

Hata hivyo, imani kwamba breki ya mbele ni ya hatari imeenea, na haikuzuka bure. Ikishikwa ghafla usukani ukiwa umekunjwa, au kwenye mchanga na matope, gurudumu la mbele huteleza na dereva huanguka papo hapo. Barabara nyingi za vitongojini ni za aina hiyo. Kwa hiyo vijana huanguka mara moja kwa breki ya mbele wakiwa wanagenzi, na baada ya hapo huiacha. Jina breki ya mkono huihalalisha tabia hiyo, kwa kuwa linaonyesha kwamba kilichoachwa hakikuwa na umuhimu.

Kwa vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, ambavyo wanaistilahi wa Kiswahili wamevitumia mara nyingi, breki ya mkono ingepita kwa ufupi na kukubalika, na ingeanguka kwa usahihi. Breki ya mbele ni fupi vilevile, inakubalika vilevile, na haigongani na istilahi ya gari. Hakuna haja ya kuunda neno jipya. Kinachohitajika ni mwalimu kuchagua jozi moja kati ya mbili zilizopo na kutoichanganya na nyingine.

5.0 Vitenzi: achia, shika, funga, bana

Mazingira ya ufunzaji yanaeleza mengi kuhusu umbo la maagizo. Mara nyingi mwalimu huketi nyuma ya mwanafunzi. Hawezi kuona vizuri kinachofanywa na vidole vyake, na sauti yake hushindana na injini na upepo. Matokeo ni maagizo ya kitenzi kimoja, bila yambwa. Kiswahili kinaruhusu yambwa kuachwa pale inapojulikana, na mwalimu anaijua. Mwanafunzi, ambaye ana vitu viwili mkononi mwa kulia na kimoja mkononi mwa kushoto, huenda asiijue.

(2) a. Achia klachi.
    b. Achia mafuta.
    c. Achia!

Agizo (2a) likitekelezwa huunganisha injini na gurudumu, na chombo huondoka. Agizo (2b) hupunguza nguvu ya injini, na chombo hupungua mwendo. Matokeo ni kinyume kabisa. Katika (2c), agizo ambalo hutolewa hasa wakati wa hatari, mwanafunzi anaachiwa achague. Kama injini inanguruma na klachi imebanwa, mwalimu anakusudia mafuta. Mwanafunzi akiachia klachi, pikipiki huruka mbele. Mwili wake hurudi nyuma, na mkono wake wa kulia, kwa kujishikilia usukani, hugeuza mshikio zaidi na kuongeza mafuta. Mzunguko huo haukatiki mpaka kitu kingine kiukate, na mara nyingi ni ukuta.

Kuna tatizo la pili ndani ya kitenzi hichohicho. Kuachia hueleza tendo la mara moja: kilichoshikwa kinaachwa kiende. Klachi haitaki kuachwa iende. Inatakiwa irudishwe taratibu hadi pale inapoanza kushika, ibaki hapo kidogo, kisha imalizwe. Kiswahili hurekebisha hilo kwa vielezi radidi, "achia kidogo kidogo", "polepole", na walimu wazuri huviimba kwa kufuata mwendo wa mkono. Lakini kielezi huja baada ya kitenzi, na vidole vya mwoga husikia kitenzi kwanza. Kuna wanaosema "rudisha klachi", na uteuzi huo ni bora. Kurudisha kunadokeza kwamba mkono unaandamana na wenzo hadi mwisho.

Upande wa breki, vitenzi vya kawaida ni kushika, kupiga, kukanyaga na kufunga. Kushika kina utajiri wake: dereva hushika breki, na breki yenyewe hushika au haishiki, kiasi kwamba mtendaji na chombo hutumia kitenzi kimoja. Kukanyaga kinafaa mguu tu. Kufunga ndicho chenye madhara. "Funga breki!" ndiyo kauli ya dharura inayosikika zaidi nchini Tanzania, nayo inataja hasa kile kisichotakiwa, yaani gurudumu kufungika lisizunguke. Gurudumu lililofungika halishiki barabara bali huteleza juu yake. Kwenye gari lenye magurudumu manne kosa hilo huacha alama nyeusi kwenye lami, na pengine hakuna zaidi. Kwenye pikipiki, hasa kwa gurudumu la mbele, ni anguko.

Kubana ni kitenzi cha namna nyingine. Kinaeleza tendo lenye viwango: mtu hubana kidogo, hubana zaidi, hubana sana. Hakina mwisho wake ndani yake kama kufunga, na kinarejelea vidole, si kiganja kizima. Zaidi ya hayo, kwenye usukani kinachoweza kubanwa ni nyenzo mbili tu. Mshikio wa mafuta haubanwi, huzungushwa. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa "Bana!" bila yambwa yoyote, ana uwezekano wa aina tatu: abane klachi, abane breki, au abane zote. Katika hali zote tatu chombo hakiongezewi nguvu. Akibana klachi, injini hata ikinguruma haiendeshi gurudumu. Akibana breki, mwendo hupungua. Akibana zote, husimama. Ndilo agizo pekee kati ya yale yaliyozoeleka ambalo kutoeleweka kwake hakumwangushi mtu kwenye uwanja wa kujifunzia.

Kuhusu mafuta, usemi uliotamalaki ni kuvuta mafuta au kupiga resi. Kuvuta ni sitiari inayopotosha kidogo, kwani mwanagenzi huvuta kwa mkono mzima hadi begani na kuukunja usukani. Kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi. Walimu wengi wametatua jambo hili kwa vitendo: huushika mkono wa mwanafunzi na kuuzungusha. Sarufi haikuhitajika hapo.

6.0 Kupanda na kushuka kwa gia

Lugha za dunia hupenda kueleza wingi kwa wima, na Kiswahili kimo: bei hupanda na kushuka, homa hupanda na kushuka, gia nazo vivyo hivyo. Sitiari hiyo haina tatizo kwenye gari, ambako mkono husogea mbele na nyuma. Kwenye pikipiki mguu wenyewe hupanda na kushuka, na hapo sitiari hukutana na mwili.

Mifumo miwili hutumika. Katika wa kwanza, gia ya kwanza huingizwa kwa kukanyaga chini, na zilizobaki kwa kuinua juu kwa ncha ya kiatu. Nyutro ipo kati ya gia ya kwanza na ya pili. Katika wa pili, ambao umo katika baadhi ya pikipiki ndogo za biashara, gia zote huongezwa kwa kukanyaga mbele, na hupunguzwa kwa kukanyaga nyuma kwa kisigino. Nyutro iko mwanzoni kabisa. Katika mfumo wa kwanza, "shusha gia" na mguu kushuka ni jambo moja. Katika wa pili, kijana anayeambiwa "shusha gia" kwenye mteremko na akashusha ncha ya mguu wake ameongeza gia. Injini inapunguza uzuiaji wake pale alipouhitaji.

Jozi ya kuongeza na kupunguza gia haina wima ndani yake. Inahesabu namba, haielekezi mguu. Jozi hiyo ipo, inaeleweka kote, na haigharimu kitu. Mwanafunzi anayejifunza kwa pikipiki moja na kufanyia kazi nyingine, jambo la kawaida kwa deiwaka anayepokezana chombo na wenzake, anaihitaji zaidi kuliko mwenye chombo chake. Inafaa kukumbuka kwamba gia imeshapata maisha yake ya kisitiari hata nje ya barabara. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2015, kubadili gia angani kulizungumzwa kuliko gia zozote za kweli.

7.0 Desturi za kijiweni

Mwanagenzi akishaweza kuondoka na kusimama, huanza somo la pili ambalo halina mwalimu mmoja. Kijiwe, au steji kama kinavyoitwa Kenya, kina zamu yake. Abiria humwendea aliye wa kwanza kwenye foleni, na mgeni anayenyakua kichwa cha mwenzake hataambiwa mara mbili. Kichwa, yaani abiria, ni neno lililorithiwa kutoka kwenye daladala. Hesabu ni kiasi anachopelekewa mwenye chombo kila siku, na presha ya hesabu hueleza mwendo kasi wa jioni vizuri kuliko hulka ya ujana inayolaumiwa kila mara.

Mshikaki ni neno ambalo hakuna kamati ingelibuni. Abiria wawili au watatu waliopangwa nyuma ya dereva hufanana na vipande vya nyama kwenye kijiti. Sitiari hiyo inachekesha na kuonya kwa wakati mmoja, maana nyama ya mshikaki huenda motoni. Madhara yake ya kifundi ni haya: uzito ukihamia nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huelea, na yaliyosemwa kuhusu breki ya mbele hubadilika. Mwanagenzi aliyejifunza peke yake uwanjani hajawahi kukiendesha chombo cha namna hiyo.

Kofia ngumu, kama maandishi ya kiserikali yanavyoiita, kijiweni ni helmeti. Majina hayo mawili yamegawana rejista bila ugomvi. Dereva huivaa ya kwake, na ya abiria huning'inia kwenye kioo au mkononi. Desturi ya kuikataa kwa kuogopa jasho la abiria aliyetangulia ina nguvu, hasa kwa wanawake waliosuka, na madereva hawapendi kumlazimisha mtu anayewalipa.

Abiria naye ana lugha yake ya usukani. Mwanamke mtu mzima anayetaka mwendo upunguzwe si rahisi aseme "punguza mwendo". Husema, "Mwanangu, nina watoto wananisubiri," naye hujibiwa, "Usijali mama." Ombi limefichwa ndani ya taarifa, na istilahi ya ukoo imemweka dereva mahali ambapo kukataa ni utovu wa adabu. Mara nyingi mwendo hupungua kwa muda. Anayeketi upande mmoja kwa sababu ya khanga au baibui hupaswa kuambiwa mapema asijiinue kwenye kona, kwa kuwa anayejiinua huvuta chombo upande usiotakiwa. Dereva mzoefu humwambia, "Kaa kama mzigo, mama." Maneno hayo hayana staha kubwa, lakini maana yake haipotei.

Kati ya madereva wenyewe kuna ishara zisizo za maneno: honi fupi ni salamu, taa inayowashwa na kuzimwa mchana ni onyo kwamba mbele kuna jambo. Aliyeishiwa mafuta husukumwa na mwenzake kwa mguu, anayekuja nyuma akiegemeza unyayo kwenye pikipiki iliyozimika na kuiendesha mbele yake hadi kituo cha mafuta. Tendo hilo ni la hatari na ni la wema, na mwanagenzi anayekataa kulifanya kwa sababu ya usalama atahitaji kueleza sababu hizo kwa ustadi.

8.0 Usukani usio na klachi

Mambo yaliyojadiliwa hapa yanapata uzito mpya kwa kuwa chombo chenyewe kinabadilika. Pikipiki za umeme zimeingia Kigali na Nairobi na zinaendelea kusambaa. Hazina klachi wala gia, na katika nyingi kati yake wenzo wa kushoto ni breki ya nyuma. Dereva aliyezoea miaka kumi kwamba mkono huo huitenganisha injini hukutana na wenzo uliokaa palepale, wenye umbo lilelile na kazi tofauti. Akijiandaa kuondoka huubana, kisha huzungusha mshikio wa kulia kama alivyozoea, na kushangaa kwamba chombo hakiondoki. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni anapoubana katikati ya mwendo kwa nia ya kubadili gia, huku abiria akiwa nyuma yake.

Kwa chombo hicho mkono wa klachi ni jina lisilo na kirejelewa, na breki ya mguu vilevile, maana mara nyingi mguu hauna kazi. Breki ya mbele na breki ya nyuma zinabaki zilivyo. Bana inabaki, na matokeo yake ni yaleyale. Rwanda, ambako chombo huitwa moto na mwendeshaji wake motari, na mashariki mwa Kongo, ambako vidhibiti hutajwa kwa majina yenye asili ya Kifaransa na magari hupita upande wa kulia wa barabara, mjadala huu utahitaji data zake. Nairobi na Dar es Salaam, wakati huohuo, madereva wa pikipiki hizi bado wanaambiana "vuta mafuta" kwenye chombo kisicho na tangi.